Kambare wa Sharubu Moja

Jumatatu, 9 Juni

Mimi Zezouma Millogo, mchimba visima, nimeanza daftari hili leo kwa mkono wangu mwenyewe. Nilisoma darasa la watu wazima miaka miwili na nikawa wa pili. Tulikuwa watatu, lakini yule wa tatu naye alijua, kwa hiyo wa pili si mchezo. Visima arobaini na kimoja vya mji huu nimechimba mimi. Hakuna kilichokauka isipokuwa kile cha misheni, na pale hawakunisikiliza.

Sababu ya kuandika ni hii. Jana ilinyesha mvua kubwa ya kwanza. Mtaro wa mvua unaopita nyuma ya mtaa wetu ukajaa ukamwaga maji kwenye kijito, palepale kwenye bwawa la kambare. Maji yalikuwa na utando wa rangirangi kama shingo ya njiwa, na harufu iliyonikaba koo. Kambare wale hatuwavui wala hatuwali. Ni wa mababu. Akifa mmoja tunamvika sanda tunamzika kama mtu. Mkubwa wao ni Bibi, ana sharubu moja ndefu, ya pili ilikatika kabla sijaoa. Ananijua kwa kikohozi changu. Watu wanabisha, lakini nikikohoa mimi anapanda juu, akikohoa mwingine hapandi.

Leo asubuhi nikaenda manispaa, ofisi ya usafi. Nikamkuta bwana anayeitwa Demba Sangaré. Mfulani. Nikajua nimekwisha. Sisi Wabobo na Wafulani ni watani tangu enzi za mababu, na neno la mtani halishiki hata akiapa. Kabla sijakaa akauliza ni nani amemfungulia mtumwa wake kamba. Nikamjibu nimekuja kuwahesabu ng'ombe alioiba. Ofisi nzima ikacheka, na malalamiko yangu yakazama humohumo kwenye kicheko. Ninatoka mlangoni akaniita.

"Bila maandishi hakuna ukaguzi, mla mbwa. Andika siku, rangi, harufu, na maji yametoka wapi. Kama kuandika unajua."

Alidhani amenipata. Haya basi.

Jumatano, 11 Juni

Hakuna mvua. Maji ya kijito meupe. Bibi yupo.

Jumamosi, 14 Juni

Mvua kuanzia adhuhuri. Rangi: shingo ya njiwa. Harufu: dawa. Kambare wadogo sita tumbo juu. Nimewaokota kwa ungo wa mke wangu. Hajui.

Jumapili, 15 Juni

Amejua.

Jumatatu, 16 Juni

Nimerudi kwa yule Mfulani na daftari. Alilishika kwa vidole viwili kama mtu anayeshika panya. Akasoma, akasema mwandiko wangu ni wa kuku aliyekunywa dolo, pombe yetu ya mtama. Halafu neno hilo la dolo likampa wazo. Akasema, kumbe uchafu ni huo, machicha ya pombe ya wanawake wenu mnayomwaga mtaroni kila siku. Nikamwambia machicha hayang'ai. Akasema Mbobo hawezi kuitetea kesi ya pombe, maana yeye ni mshtakiwa wa kwanza. Wakacheka tena. Lakini safari hii aliandika kitu kwenye karatasi ya serikali akapiga muhuri, nami sikuona ni nini.

Ubaya wa mtani ni huo, huwezi kumkasirikia. Kaka yangu alipofariki, walikuja Wafulani wawili wakajilaza mbele ya jeneza, mmoja akaivua kofia ya marehemu kichwani mwa mwanawe akaondoka nayo. Dofini, mwana wa kaka, alikuwa analia, akajikuta anacheka. Ndiyo kazi yao. Msibani mtani akichukua kitu amechukua, hakidaiwi.

Huyo Dofini sasa ana karakana yake na gari lake. Gari la kwanza katika ukoo wetu. Nilimlea mimi baada ya kaka, na anayetaka kujua kwa nini amefika pale aniulize.

Alhamisi, 19 Juni

Karatasi imekuja. Wanawake wote wapikao dolo mtaani wanaonywa wasimwage machicha mtaroni. Na kwenye karatasi imeandikwa: "kufuatia taarifa ya Bwana Zezouma Millogo."

Mke wangu Korotimi anapika dolo miaka thelathini na nane. Amesomewa karatasi mbele ya wenzake. Amerudi ndani akafunika chungu.

Ijumaa, 20 Juni

Nimekula karanga.

Jumamosi, 21 Juni

Karanga. Mvua kidogo jioni. Rangi hakuna, harufu hakuna. Maji hayakutosha kujaza mtaro.

Jumanne, 24 Juni

Leo Korotimi amenisemesha. Alikaa juu ya kinu akaniangalia nikimenya karanga.

"Mzee, unajua kuhesabu au unajua kujisifu tu?"

Nikamwambia vyote viwili, na kimoja hakizuii kingine.

"Basi mimi ninapika kila siku ya nne, mvua iwepo isiwepo. Andika siku zangu upande huu, andika mvua upande ule. Kama samaki wako wanakufa siku za chungu changu, mimi mwenyewe nitakipasua. Kama si siku zangu, utasimama mbele ya wanawake wale uwaombe radhi, tena kwa sauti hiyohiyo unayojisifia."

Nimeishi na mwanamke huyu miaka arobaini, na bado ananizidi akili mara mbili kwa mwaka. Leo ni mara ya kwanza ya mwaka huu. Nimechora mstari katikati ya ukurasa. Jioni nimekula ugali wa mtama na mchuzi wa bamia.

Ijumaa, 27 Juni

Chungu: ndiyo. Mvua: hakuna. Bwawa: safi. Machicha yalifika mpaka kwenye daraja, kuku na bata wakayamaliza.

Jumapili, 29 Juni

Chungu: hakuna. Mvua: kubwa. Shingo ya njiwa. Tisa.

Jumanne, 1 Julai

Chungu: ndiyo. Mvua: hakuna. Safi.

Ijumaa, 4 Julai

Chungu: hakuna. Mvua: kubwa sana. Rangi, harufu, kumi na wanne. Bibi alipanda juu akawa anatafunatafuna hewa kama mzee asiye na meno. Nikakohoa. Alinitazama. Sina la kuongeza.

Jumapili, 6 Julai

Niliwaomba radhi wanawake wa dolo, nimesimama, kofia mkononi. Walinicheka, wakaninywesha vibuyu viwili. Radhi nzuri kama hiyo sijawahi kuomba.

Jumatatu, 7 Julai

Yule Mfulani alipofungua ukurasa wenye mstari katikati alianza kucheka kwa mazoea, kisha kicheko kikakatika. Alipitisha kidole upande wa chungu, akapitisha upande wa mvua. Akafunga mlango wa ofisi. Akaniuliza huu mstari ni nani kauchora. Nikasema mimi. Akasema mwongo. Nikasema mke wangu. Akasema sasa tunazungumza.

Akanieleza kwa utulivu kwamba kuna mtu ana shimo la maji machafu, na anangoja mvua iyabebe ili asionekane. "Nikipata ukuta na bomba, nitaingia na muhuri. Bila hivyo nitafukuzwa mlangoni kama ng'ombe wa jirani." Kisha, ili nisije nikadhani tumekuwa marafiki, akauliza kama ni kweli Wabobo huanza kumla mbwa mkiani.

Ana mapengo mawili ya mbele na macho mekundu ya vumbi la makaratasi. Si kijana kama nilivyodhani.

Jumanne, 15 Julai

Leo naandika kirefu.

Mvua ilianza baada ya chakula cha mchana. Nilichukua mwavuli na fimbo nikaufuata mtaro kuelekea ulikotoka. Mtu mwingine angetazama maji tu. Mimi ni mchimba visima, natazama kando, udongo unaniambia. Pale maji ya dawa yanapopita nyasi huungua na konokono huhama. Nyuma ya msikiti mdogo zimeungua. Kwenye njia panda ya mafundi pikipiki kuna mitaro miwili inayokutana. Wa kushoto una vyura. Wa kulia umekufa. Nikaufuata wa kulia, maji yakinifika magotini, watu wakiniita chini ya mabaraza yao nikajikinge, mmoja akiniuliza kama nimetoroka hospitali.

Mtaro ule unapita chini ya ukuta mrefu wa kijani. Chini ya ukuta kuna bomba la upana wa mkono wangu, na linatapika. Rangi yote ya shingo za njiwa wa dunia ilikuwa inatoka pale. Nikainua macho nisome kibao cha mlangoni. Sikuwa na haja ya kusoma. Kibao kile nilisimama chini yake siku kinapigwa misumari, nikamwaga maji ya baraka kizingitini kwa mkono huu.

Ni karakana ya Dofini. Ananunua mapipa yaliyotoka mashambani, yaliyokuwa na dawa ya kuua wadudu wa pamba, anayaosha, anauza.

Nimeandika. Sasa imeandikwa na siwezi kuifuta, kalamu hii haifutiki.

Jumatano, 16 Julai

Sikuandika kitu.

Alhamisi, 17 Julai

Vilevile.

Ijumaa, 18 Julai

Uani kwetu lipo pipa la buluu. Dofini alimzawadia mama yake mdogo, yaani Korotimi wangu, mwaka jana, ahifadhie maji. Leo asubuhi nililipindua. Maji yote yakamwagika na Korotimi akatoka na mwiko.

Alisema maneno mengi kuhusu wanaume wanaozeeka vibaya. Aliniuliza kama najua visima viko umbali gani, mimi niliyevichimba. Nikalitoboa pipa kwa mtaimbo. Hapo akashusha mwiko, maana anajua siharibu chombo. Nikamwambia. Yeye ndiye mtu wa kwanza kumwambia.

Alikaa chini palepale kwenye matope.

"Maji hayo tumeyanywa mwaka mzima," akasema. Halafu akasema, "Dofini hakujua. Yule mtoto hawezi kuninywesha sumu."

Nikasema hata mimi naamini hakujua kuhusu pipa. Lakini bomba la chini ya ukuta halikujichimba.

Jumapili, 20 Julai

Nimekwenda kwa Dofini. Alinipokea vizuri, kama kawaida, akaniwekea kiti penye feni, akaagiza soda. Nilimwambia kuhusu pipa la uani. Alishika kichwa. Machozi yalimtoka, nami nikayaamini, na bado nayaamini. Akasema anawaambia wafanyakazi wasuuze mara tatu. Nikamwuliza wanasuuzia wapi.

"Baba mdogo, mvua inasafisha. Ikinyesha kila kitu kinakwenda zake. Shimo la saruji ni gharama, na hapa zinakula familia saba. Mwakani nitajenga, naapa kwa kaburi la baba."

"Kambare wanakufa mwaka huu."

Akaniambia taratibu kwamba wale ni samaki. Akasema kwa heshima, macho chini, lakini alisema. Mwana wa kaka yangu, ambaye siku ya arobaini yake nilimpeleka bwawani mgongoni kumwonyesha kwa Bibi.

Soda sikuimaliza.

Jumatatu, 28 Julai

Mvua. Rangi, harufu. Ishirini na moja.

Demba amekuja mwenyewe mtaani kwa pikipiki, mara ya kwanza. Amekaa na wanawake wa dolo, akakataa dolo, akanywa maziwa aliyoyabeba kwenye chupa, wakamzomea. Kisha akaja barazani kwangu kuniuliza nimefika wapi na mtaro. Nikamwambia mvua ilinizuia.

"Mbobo anazuiwa na mvua," akasema. "Mimi nilidhani mnazuiwa na chungu tu."

Sikumjibu utani. Ndipo akajua. Alitazama daftari lililokuwa mapajani pangu, nami nikaweka mkono juu yake. Damu yangu siwezi kuipeleka serikalini kwa mdomo wangu. Kwetu mtu anayemshtaki mtoto wa marehemu kaka yake, hata akifa hazikwi upande wa wazazi. Hilo Demba analijua, kwao ni hivyohivyo.

Hakuuliza tena. Alikula karanga zangu zote.

Jumamosi, 9 Agosti

Mvua siku tatu mfululizo. Sihesabu tena.

Jumanne, 12 Agosti

Asubuhi nilikohoa bwawani. Nikakohoa tena. Nilikohoa mpaka kikawa kikohozi cha kweli.

Alikuwa chini ya daraja, ubavu juu, sharubu yake imelala kwenye jiwe. Urefu wake ni kutoka begani kwangu mpaka ncha ya kidole. Nilimbeba mwenyewe. Sikuruhusu mtu anisaidie.

Jumatano, 13 Agosti

Kesho tunamzika. Wazee wametoa sanda. Korotimi ameosha kanzu yangu nyeupe. Ina mshono mpya, ameshona mfuko wa kifuani uwe wazi zaidi, na nilipomwuliza akasema mfuko ulikuwa unabana. Daftari hili limekuwa likikaa mfuko wa ndani. Nimefikiri juu ya jambo hilo tangu saa sita mpaka sasa.

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika kwenye daftari jipya. Sababu nitaisema.

Jana watu walikuwa wengi kuliko mazishi ya watu wengi ninaowajua. Dofini alikuja, amevaa nyeupe, akasimama nyuma yangu panapomstahili. Tulipofika na Bibi kwenye kaburi, ukingoni mwa kijito, tulimkuta Demba Sangaré amelala ndani ya kaburi, chali, miguu imetokeza nje. Akasema kaburi ni lake, amelipata kwanza, na samaki wa Wabobo azikwe tumboni mwa Mbobo kama samaki wengine.

Watu walianza kucheka huku wanalia. Tukambembeleza kwa kokwa za kola, zile za kutafuna. Akakataa. Tukampa kuku. Akasema kuku ana sura ya shemeji yangu. Wazee wakachanga sarafu, akazirusha kwa watoto. Akatoka kaburini amejaa udongo, akanizunguka mimi, akiwaambia watu kwamba mtumwa wake huyu amezeeka na kila mtumwa mzee ana kitu anachomficha bwana wake. Alinipapasa kofia. Alinipapasa mikono. Kisha akatia vidole viwili kwenye mfuko wa kifuani, ule mpana, akalichomoa daftari.

"Hili ndilo fungu langu," akasema. "Nani anadai?"

Msibani mtani akichukua amechukua. Wazee waliitikia kwamba ni lake. Nilisikia pumzi ya Dofini nyuma ya shingo yangu. Mimi nilikuwa nimembeba Bibi kwa mikono miwili, nisingeweza kumzuia mtu hata kama ningetaka. Hilo naliandika ili lijulikane.

Sikugeuka. Nikamshusha Bibi.

Leo asubuhi Demba amepita na pikipiki bila kusimama akarusha barazani daftari hili, jipya, kurasa mia mbili, na kalamu ya kijani. Korotimi aliliokota akanipa. Nikamwambia yule mtu ni mwizi. Akasema ndiyo, na ni hodari.

Alhamisi, 28 Agosti

Wamekwenda na muhuri, watu watatu wa manispaa na fundi wa kupima maji. Walikuwa na siku, rangi, harufu, ukuta na bomba. Karakana imefungwa mpaka shimo la saruji lijengwe. Mapipa yote aliyouza majumbani yarudishwe, na atoe magaloni mapya badala yake.

Mtaani wanasema serikali imeamka. Mimi nimenyamaza. Kwangu ni kazi ngumu kuliko kuchimba.

Jumapili, 7 Septemba

Hii ni Jumapili ya tatu Dofini hajaja kwangu kula. Korotimi anampakulia hivyohivyo, chakula kinapoa, anakifunika, jioni anawapa majirani.

Jumamosi, 13 Septemba

Nilikwenda karakanani bila kuitwa. Wafanyakazi wale wa familia saba wanachimba shimo, na wanalichimba vibaya. Kuta zimesimama wima kwenye udongo wa mchanga, zingewaangukia. Nikavua kanzu. Mtu wa visima arobaini na kimoja hawezi kutazama shimo kama lile akanyamaza. Dofini alitoka ofisini akanikuta ndani mpaka kiunoni.

"Baba mdogo, utaumwa mgongo."

"Basi shuka wewe."

Akavua viatu, akashuka. Tulichimba mpaka adhuhuri na hatukuzungumza ila kuhusu udongo. Wakati wa kunawa akaniuliza, hanitazami: "Ule mfuko, ni nani aliushona?"

Nikamwambia amwulize mama yake mdogo.

Jioni alikuja kula.

Jumanne, 30 Septemba

Shimo limekwisha, lina mfuniko na sakafu ya saruji, na bomba la ukutani limezibwa. Shimo zuri kuliko yote ya aina yake mjini. Nimeandika herufi zangu kwenye saruji ilipokuwa mbichi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mvua kubwa, labda ya mwisho. Chungu: ndiyo. Rangi: udongo. Harufu: udongo.

Demba yupo hapa barazani, mvua imemkamata, au anasema imemkamata. Amenirudishia daftari la kwanza, lina mihuri tisa. Anakula karanga za Dofini, maana Dofini naye yupo, na anamwita mtumwa mdogo. Korotimi amempa Demba maziwa kwenye kibuyu cha dolo, naye hajagundua.

Nimeshuka bwawani na mwavuli. Wapo wadogo, wengi, wa urefu wa kidole. Nimekohoa. Hakuna aliyepanda, bado hawanijui.

Kesho nitakohoa tena.